Aliyeambiwa Amepona

Virusi viliingia katika ukoo wa Hanus siku mama yake alipotimiza miaka themanini na minane. Ilikuwa mwezi wa pili, dhoruba ya theluji imefunga barabara siku mbili, na watu wa Hamravík, kijiji cha kisiwani kaskazini, walikuwa na njaa ya kuonana. Wakajaa sebuleni kwa Billa, mama huyo, wana, wakwe, wajukuu na majirani, wakala keki za rubabu, mmea ule mchachu, na nyama baridi, kisha wakashikana mikono wakaicheza ngoma ya duara kama walivyofanya babu zao, ubeti juu ya ubeti, wakikanyaga sakafu ya mbao mpaka vikombe vikalia kabatini. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Pumzi ya mmoja ilikuwa pumzi ya wote.

Kabla wiki haijaisha, nusu yao walikuwa kitandani.

Billa mwenyewe alikohoa kidogo, akanywa supu, akaona kulala kunamchosha, akainuka kwenda kuwatupia kuku mabaki. Mwanawe mkubwa, Tróndur, fundi wa injini za meli pale bandarini, alipigwa na homa ya kutetemeka, lakini ilipomwachia ilimwachia kabisa. Alirudi karakanani akipiga mluzi. Hanus, mdogo wake, homa ilimshika muda mrefu zaidi, ingawa hakulazwa hospitali wala hakuwekewa oksijeni. Alilala chumbani kwake, mkewe Sunnvør akimbadilishia mashuka, mpaka asubuhi moja akaomba mayai. Sunnvør alilia kwa furaha jikoni, akayakaanga.

"Umepona," alimwambia.

"Nimepona," Hanus akajibu, na aliamini hivyo.

Ni lazima kwanza mtu ajue Hanus alikuwa nani kabla ya hapo. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mtu wa maneno machache, mpakiaji wa samoni kiwandani, na hakuna aliyemjali sana mwaka mzima isipokuwa siku moja. Siku hiyo ni ya vuli, siku ya kuwashusha kondoo mlimani. Wanaume wa kijiji hujipanga mstari mmoja kutoka ufukweni hadi chini ya majabali, kila mmoja akimwona mwenzake, kisha wanasonga pamoja wakipiga kelele, kondoo wakikimbia mbele yao mpaka kwenye zizi la mawe. Walio chini hutembea tu. Aliye juu kabisa hukimbia, tena kwenye mteremko ambao mbwa wengine huukataa. Tangu ujana wake aliye juu alikuwa Hanus. Watu walimwita Hanus wa Juu, na yeye, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, alilipenda jina hilo kuliko alivyothubutu kukiri.

Dalili ya kwanza ilimjia kwenye ngazi za kiwanda. Alipofika katikati, kigimbi cha mguu wa kushoto kilikaza kama kamba iliyoloa maji ya chumvi. Akasimama, akajifanya anafunga kiatu. Kikaachia. Kesho yake kikamkaza tena pale pale. Halafu vidole vya mikono vikaanza kugeuka vyeupe hata akiwa amevaa glavu, na asubuhi akiinuka kitandani moyo ulimwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa.

Alikwenda zahanati. Daktari wa zamu, mgeni aliyekuja kushikilia nafasi kwa muda, alimsikiliza kifua, akatazama picha ya mapafu, akatabasamu.

"Mapafu safi. Moyo uko sawa. Umepona, bwana. Umri nao unasogea, jipe muda."

Neno hilo, umepona, Hanus alilileta nyumbani kama zawadi, na kwa miezi iliyofuata kila mtu alimpiga nalo.

Jumapili walikuwa wakinywa kahawa kwa Billa. Kutoka nyumbani kwa Hanus hadi kwa mama yake ni mwinuko mfupi, nao ulikuwa umeanza kumshinda. Siku moja alifika, akaketi kabla hajavua koti, uso umemwiva, mkono kwenye kigimbi.

Billa alimtazama juu ya miwani.

"Mimi nina miaka themanini na minane na nimepona. Wewe una nini, mimba?"

Meza nzima ikacheka. Hanus naye akacheka, maana mama yake alikuwa na ulimi huo tangu zamani na aliyenuna alichapwa nao mara mbili.

"Mwache, mama," Tróndur akasema, akijaza mdomo keki. "Ugonjwa wake ni wa kisasa. Hauna homa, hauna kikohozi. Una kiti tu."

"Shemeji," Sunnvør akasema, "ukimwona usiku anavyosugua miguu usingecheka."

"Nami nilikuwa na ugonjwa huo huo, shemeji. Tuliupata chumba hiki hiki, siku hiyo hiyo. Unaniona nimekaa?"

Hilo ndilo lililomfunga Hanus mdomo. Ni kweli waliugua pamoja. Kitanda usicholala hujui kunguni wake, lakini Tróndur aliona wamelala kitanda kimoja, na kwa kuwa yeye hakuumwa, basi kunguni hawakuwapo.

Wakati wa kukata manyoya, mwezi wa saba, mambo yalizidi. Hanus alishika kondoo, akamkata, akahitaji kukaa. Vijana walimpita. Tróndur alimpokonya mkasi mkononi taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akaendelea mwenyewe. Hanus alimweleza Sunnvør baadaye kwamba matusi yangekuwa nafuu.

Sunnvør ndiye aliyekataa kunyamaza. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, amezoea kuinua watu wakubwa wasiotaka kuinuliwa. Akapiga simu, akasubirishwa, akapiga tena, mpaka wakapewa nafasi kwenye hospitali kubwa ya Tórshavn, kwa daktari wa mishipa ya damu aliyeitwa Beinta. Mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya watu wa visiwa vya kusini, asiye na haraka. Alimlaza Hanus, akampima presha mkononi, kisha akampima kwenye kifundo cha mguu. Akarudia mguu wa kushoto. Akapitisha kifaa juu ya paja, wakasikia damu ikivuma ndani, na chini ya goti mvumo ukawa hafifu kama wa mtu anayenong'ona nyuma ya mlango.

"Hujifanyi," Beinta alisema.

Hanus aligeuza uso ukutani.

"Ndani ya kila mshipa kuna utando," daktari akaeleza, "mwembamba kuliko ule ulio ndani ya ganda la yai. Ndio unaouamuru mshipa upanuke unapopanda ngazi na urudi unapopumzika. Ndio pia unaozuia damu isigande njiani. Virusi vile wanadamu huviona ni vya mapafu, lakini utando huu nao vinaupata. Homa inaondoka, kikohozi kinaondoka, utando unabaki umevimba, una vidonda. Mishipa yako inakataa kupanuka. Na mmoja, huu wa kushoto, umeshaanza kuziba."

"Mbona kaka yangu yuko sawa? Mbona mama yangu, mzee wa karibu miaka tisini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya. Ulivuta sigara?"

"Niliacha zamani."

"Ulivuta kwa muda gani?"

"Tangu utoto mpaka nilipofika arobaini."

"Basi hilo nalo limo. Virusi vilikuta nyumba ambayo tayari ina ufa."

Alimwandikia vidonge vya kuzuia damu kuganda na vya kushusha mafuta. Akamwambia apunguze nyama ya mafuta na chumvi, ale samaki, na kila siku atembee mahali tambarare: akiumwa asimame, maumivu yakiisha aendelee, mshipa nao hufundishika. Wengi hupata nafuu hivyo, polepole. Kisha akavua miwani.

"Vuli hii usipande mlimani. Mwakani tutaona. Na siku yoyote mguu ukiwa mweupe, ukapoa, ukaingia ganzi, usisubiri kahawa. Piga simu hapo hapo."

Waliporudi, Hanus hakwenda nyumbani. Alimwomba Sunnvør amshushe bandarini. Alimkuta Tróndur ameinama ndani ya injini, mikono myeusi mpaka viwikoni, akamweleza yote, utando na vidonda na mshipa unaoziba, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia ndugu yake kwa wakati mmoja.

Tróndur alijifuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole.

"Mishipa kila mtu anayo, Hanus."

"Yangu imeharibika, kaka. Nimeambiwa nisipande."

"Nani ataushika ukingo wa juu?"

"Jákup," Hanus akamtaja binamu yao.

"Jákup ana goti bovu tangu Pasaka."

"Kaka, nakwambia nimekatazwa."

Tróndur aliokota spana yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo Sunnvør mwenyewe alikubali hata baadaye, alipokuwa hakubali jingine lolote. Baba yao alizama na mashua wakiwa wadogo, na Tróndur aliacha shule akaingia baharini ili nyumba ipate chakula. Alikuwa amejifunza mapema kwamba mtu huinuka akaenda, awe anaumwa au haumwi, na hakuwahi kukutana na jambo la kumfundisha vingine.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nitakuweka chini, na wazee na watoto. Umefurahi?"

Hanus hakufurahi. Lakini alishukuru.

Miezi ile miwili alitembea. Kila jioni, kando ya uwanja wa mpira na kurudi, akisimama kigimbi kikikaza, akiendelea kikiachia. Majirani walimwona amesimama peke yake barabarani, mikono mfukoni, akitazama bahari, wakaambiana kwamba Hanus wa Juu amepata huzuni. Lakini alianza kufika mbali kidogo kabla ya kusimama. Alimwambia Sunnvør, naye akampikia chewa wa kuchemsha kwa siagi kidogo mno, na wakacheka pamoja jinsi samaki yule alivyokuwa hana ladha.

Siku ya kondoo ilipofika, anga lilikuwa safi asubuhi, ila ukungu ulionekana umelala baharini ukingoja. Watu walikusanyika kwenye zizi. Billa aliketi kwenye kiti chake cha kukunja, blanketi magotini, akimimina kahawa kutoka chupa. Sunnvør alikuja kusaidia. Jákup hakuja. Goti lilikuwa limevimba, na vijana wawili waliotegemewa walikuwa wameitwa ghafla kwenye meli.

Tróndur alihesabu watu kwa macho, akautazama ukungu, akautazama mlima.

"Ukungu ukifika kabla yetu, tumewapoteza hadi wiki ijayo," alisema. Kisha, kwa sauti ya kila mwaka, bila kumwangalia: "Hanus, juu."

Sunnvør aliweka chini sufuria. "Shemeji! Uliambiwa."

"Ni siku moja tu."

"Daktari alimkataza. Hanus alikwambia mwenyewe, karakanani kwako."

"Sunnvør, huyu ni mwanamume mzima. Ana mdomo. Kama hawezi, aseme."

Watu wote walimgeukia Hanus. Walikuwamo wanaume aliowafundisha njia za mlima wakiwa wavulana. Alikuwamo mama yake, kikombe mkononi.

"Marehemu baba yenu alipanda na mbavu zilizovunjika," Billa alisema, si kwa ukali, kama anayekumbuka tu.

Hanus alifungua mdomo. Sunnvør angeapa kwamba aliliona lile neno likifika kwenye meno. Halafu akaufunga, akaokota fimbo yake.

"Nitakwenda," alisema.

Alipanda polepole, na mwanzoni mlima ulimpokea vizuri. Nyasi zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, ndege wa baharini walikuwa wameshaondoka, mbwa alimtangulia akigeuka kumngoja. Kigimbi kilikaza, akasimama, kikaachia. Kikakaza tena. Kwa vituo vile alifika kwenye nafasi yake chini ya majabali, akaona mstari wote umetandazwa chini yake hadi baharini, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili alijiona yeye. Akapunga fimbo. Mstari ukaanza kusonga.

Kondoo wa juu walianza kukimbia, naye ilimbidi akimbie. Alikimbia vizuri kwa kipande. Kisha kitu kikamchoma nyuma ya goti, si kukaza kule alikozoea, bali kama mtu amempitisha sindano ya kushonea matanga. Mguu ukakunjika. Akakaa. Akangoja maumivu yaachie kama alivyofundishwa, hayakuachia. Mbele yake kondoo jike mzee, mjanja, mwenye kengele shingoni, alisimama, akaona pengo, akageuka. Wenzake wakamfuata. Walimpita Hanus karibu kiasi kwamba angeweza kumshika mmoja kwa manyoya, kundi zima, wakipanda kurudi walikotoka, na nyuma yao ukungu ukashuka ukafunga mlango.

Kutoka chini sauti ya Tróndur ilifika vipande vipande. "Hanus! Simama! Simama, we mzembe, simama!"

Hanus alijaribu. Mguu ulikuwa haupo. Aliugusa ndani ya soksi ya sufu, ukawa kama kitu cha mtu mwingine. Alifikiri juu ya simu, lakini mlima ule hauna mtandao upande huo. Basi akashuka. Sehemu nyingine alishuka kwa makalio, sehemu nyingine kwa fimbo na mguu mmoja, akiuburuta wa pili, mbwa akilia kando yake. Mstari ulikuwa umeshavunjika, na kila mtu alikuwa amekimbilia kuwaokoa kondoo wa chini. Hakuna aliyepanda kumtazama. Walidhani amekaa, kama kawaida yake.

Alipofika zizini, Tróndur alikuwa ndani, akitenganisha wachache waliopatikana. Aliinua kichwa.

"Nusu ya mlima," alisema mbele ya watu wote. "Umetupotezea nusu ya kondoo wa mlima." Akageuka akaendelea na kazi.

Billa alimnyooshea Hanus kikombe cha kahawa. "Umewaacha wakupite," alisema.

Hanus alikipokea. Kahawa ikamwagika. Ni hapo Sunnvør alipomwona alivyosimama, kama korongo, akatupa kila kitu akaja. Alimkalisha kwenye mawe, akamvua kiatu cha mpira, akavuta soksi. Mguu ulikuwa mweupe kama tumbo la samaki, na juu ya weupe madoa ya zambarau. Alibonyeza kidole gumba kwa ukucha.

"Unasikia?"

"Unabonyeza?"

Sunnvør alipiga simu akipiga kelele. Helikopta ilitua kwenye uwanja wa mpira, upepo wake ukarusha kofia na manyoya, watoto wakakimbilia kuiona. Watu waliacha kondoo, wakasimama kando ya goli wakiwa na damu ya kondoo mikononi. Tróndur alifika mwisho, wakati machela imeshaingizwa na mlango unafungwa. Alisimama akiwa amevua kofia, na rubani akampungia mkono arudi nyuma.

Walijaribu kulitoa bonge la damu. Walijaribu mara ya pili. Mguu ulikuwa umekaa muda mrefu mno bila kulishwa, na baada ya siku chache wakaukata chini ya goti.

Beinta alikuja kuketi karibu na kitanda. Hakuleta maneno ya kufariji, na Hanus alimheshimu kwa hilo.

"Ni virusi?" aliuliza.

"Ni virusi. Ni sigara zako za zamani. Ni mlima."

"Kipi zaidi?"

"Siwezi kukugawia, Hanus. Ningekuwa naweza, ningekugawia."

"Nilikuwa nimeanza kufika mbali," alisema Hanus. "Nilikuwa nafika mpaka kwenye goli la pili."

"Najua. Ulikuwa unapona."

Hapo ndipo alipolia, kwa neno hilo.

Tróndur alikuja siku ya kukaribia kuruhusiwa. Alikuwa amevaa sweta lake jipya, amebeba paja la nyama iliyokaushwa kwa upepo, limefungwa kwenye gazeti, na harufu yake ikajaza wodi. Ni nyama ambayo Hanus alikuwa amekatazwa. Aliiweka juu ya kabati, akaketi, akatazama mahali ambapo blanketi lilikuwa limelala tambarare.

"Ungesema," alisema.

"Nilisema, kaka. Nilikuja karakanani nikasema."

"Siku ile. Pale zizini. Nilikuuliza mbele ya watu. Ungesema."

Hanus alivuta blanketi. Alikuwa amelitafuta jibu hilo kila siku tangu azinduke, na kila alipolikaribia alimkuta yeye mwenyewe amesimama hapo, mdomo umefungwa, fimbo mkononi. Ndugu yake alikuwa na haki kidogo. Alikuwa na haki kiasi cha kutosha kulala usingizi.

"Mama anasemaje?" aliuliza.

"Anasema baba alizama ana miguu yote miwili." Tróndur alijaribu kucheka. "Unamjua mama."

Kisha akaondoka kuwahi feri.

Mwaka ukapita. Kiwanda kilimuaga Hanus kwa keki na hotuba. Alipata mguu wa bandia, akajifunza kuuvaa, akarudi kutembea kando ya uwanja, maana mguu wa kulia nao mishipa yake si ya kuaminika, na Beinta alimwambia mazoezi si hiari tena. Kondoo wakawa chini ya Tróndur peke yake. Kila mwezi alileta nyama, imekatwa vizuri, akaiacha mlangoni. Kijiji kikamsifu: kaka kama huyu, wako wangapi? Jina la Hanus wa Juu halikutamkwa tena. Lingekuwa tusi, na watu wa Hamravík si watu wa kumtukana kilema.

Vuli ikarudi. Jioni baada ya kondoo kushushwa, ukoo ulikusanyika kwa Billa kula supu. Kulikuwa na mgeni, mkwe mpya wa Tróndur kutoka kisiwa kingine, kijana mchangamfu aliyetaka kupendwa na kila mtu. Alipokwishashiba akamgeukia Hanus.

"Baba mdogo, nimesikia habari yako. Jinsi baba mkwe alivyokubeba mgongoni kutoka juu ya mlima, kwenye ukungu, mpaka kwenye helikopta. Laiti kungekuwa na watu kama hao kila kijiji!"

Hanus alimtazama Tróndur. Tróndur alikuwa anatazama sahani yake, masikio yamemwiva, na Hanus akaelewa kwamba hadithi hiyo haikuzaliwa leo. Ilikuwa imekua wakati wote wa baridi, karakanani, melini, kwenye harusi, ikipata nyama kila iliposimuliwa, na huenda mwenyewe aliyeianza alikuwa ameshafika mahali pa kuiamini.

"Nilishuka mwenyewe," Hanus alisema.

Kijana alicheka, akidhani ni utani wa mtu mnyenyekevu.

"Nilishuka mwenyewe. Hakuna aliyekuja."

"Hanus," Billa akasema, "acha. Ndugu yako anakulisha nyama mwaka mzima."

"Sisemi juu ya nyama, mama."

Tróndur aliinua kichwa. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio Sunnvør hajausahau mpaka leo.

"Alikuwa na maumivu makali," alimweleza mkwe wake. "Damu ilikuwa haifiki. Hakumbuki vizuri. Daktari alisema ni kawaida."

Hakuna daktari aliyesema hivyo. Lakini meza nzima ilitikisa kichwa kwa huruma, hata Jákup, hata waliokuwa zizini siku ile wakamwona kwa macho yao akishuka na fimbo. Mtu mmoja akamwongezea Hanus viazi.

Sunnvør alisimama, akaleta makoti. Ilimchukua Hanus muda kuinuka, maana mguu wa bandia hukwama kwenye kiti, na wote wakangoja wakitazama sahani zao. Nje mvua nyepesi ilikuwa inanyesha ikisukumwa na upepo. Walishuka mteremko taratibu. Katikati kigimbi cha mguu uliobaki kilimkaza, akasimama, Sunnvør naye akasimama.

"Mwakani hatuji," alisema.

"Tutakuja. Mama bado yuko hai."

"Kwa ajili gani, Hanus? Wakusimulie tena walivyokubeba?"

Hanus alisubiri maumivu yaachie. Yalipoachia alimshika mkewe mkono, wakaendelea kushuka, na mwaka uliofuata walikwenda.